Ganzi Imehama

Jumatatu, 3 Machi

Chanuo limeniponyoka. Limetumbukia ndani ya gauni la mteja, mgongoni, ikabidi asimame ajitikise mpaka lianguke sakafuni. Nikasema mikono ina mafuta. Uongo mtupu. Gumba na vidole viwili vya jirani vinakufa ganzi, na kila asubuhi naamka nikikung'uta mkono kama nafukuza nyuki. Vidole viwili vya mwisho tu ndivyo vizima. Havina kazi yoyote, ndiyo maana.

Huu si wakati wa kuumwa. Mama Saluni anastaafu mwisho wa mwezi na saluni atamwachia mmoja wetu: mimi, au Wifi, dada wa mume wangu, anayesukia kwenye kiti cha pili. Wifi aliliona chanuo. Akaniuliza kwa sauti ya asali kama niko salama. Nikamwambia niko salama kuliko yeye.

Jumatano, 5 Machi

Nimeaga kwamba naenda kununua uzi, nikaenda kwa Mnyoosha, yule tabibu wa mgongo na viungo.

Chumba cha kungojea ni safi mno. Watu wamelaza mikono mapajani, viganja juu. Hakuna anayesoma, hakuna anayeongea. Nikasalimia. Wakaitikia wote kwa pamoja, taratibu, nikajuta kusalimia.

Mnyoosha hakuniuliza naumwa wapi. Alinigonga kidogo tu kwenye kifundo cha mkono, umeme ukanichoma mpaka kwenye kucha. Kisha akapanda na vidole vyake vya baridi: kiwiko, bega, shingo. Akaeleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo, penye njia nyembamba, lakini yeye huanzia kule unakotoka. Nikataka kuuliza maswali. Shingo ikalia ko! Maswali yote yakanitoka.

Akanifunga bendeji ngumu yenye kibao ndani. Akanionya nisisuke mtu mpaka anione tena. Alisema ganzi ameing'oa ila bado imo mkononi, na nikishika kichwa cha mtu itapata pa kwenda. Nadhani alimaanisha uchovu. Wataalamu hawa hawawezi kusema jambo likanyooka.

Ijumaa, 7 Machi

Mkono mpya! Nimevua bendeji kwenye kona kabla ya kufika kazini, nikaificha mkobani chini ya nyuzi. Nipumzike, halafu Wifi abebe saluni? Labda niwe nimerogwa.

Nimemsuka Mwalimu, mteja wangu wa siku zote. Vidole vilikimbia vyenyewe. Mimi nilikuwa nafuata tu nyuma, kama mgeni nyumbani kwangu. Kuna wakati nilihisi kitu cha ubaridi kikiteremka toka kwenye kifundo, kikapita kwenye ncha za vidole, kikaingia kwenye nywele. Mwalimu akatetemeka, akaomba mlango ufungwe. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mama Saluni alisema hajawahi kuona mistari iliyonyooka hivyo. Wifi akaanza kufagia nywele ambazo hazikuwapo. Siku njema kabisa.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu karudi, si kwa kusuka. Chaki inamponyoka darasani. Gumba na vidole viwili vya jirani. Alininyooshea mkono nione. Nilivitazama vile vidole nikavifahamu, kama mtu anavyofahamu viatu vyake miguuni kwa mwenzake.

Basi ndivyo ilivyo. Ganzi haikufa. Imehama.

Niseme kweli, nilimhurumia. Nilimhurumia mpaka alipofika mlangoni. Halafu nikamtazama Wifi.

Hapa saluni wasusi husukana, maana hakuna anayefika kisogoni kwake mwenyewe. Kukataa mkono wa mwenzio ni kumtukana mbele ya wateja. Kwa hiyo nikamwambia Wifi, kwa sauti yangu ya asali, kwamba nywele zake zimechoka na leo nina nafasi. Alinitazama kwenye kioo kwa muda. Akakaa.

Hofu yangu ilikuwa moja: kama ganzi yote ilikwenda kwa Mwalimu, nitampa nini Wifi? Sikuwa na sababu ya kuhofu. Ilikuwapo, ya kutosha. Imeteremka polepole, baridi. Wifi akasema mkono wangu ni mwepesi siku hizi.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi kaangusha chanuo. Kisha mkasi. Kisha kikombe cha chai, mbele ya Mama Saluni. Nilikuwa wa kwanza kuleta ufagio, nikafagia kwa upole mkubwa.

Baadaye nilimkuta ameketi chumba cha nyuma, mkono mapajani, kiganja juu, anauangalia kama ni wa mtu mwingine. Nikahisi vibaya. Aliniuliza ile bendeji aliyoiona mkobani mwangu nilipewa na nani. Nikamwambia ni ya jirani. Jirani yupi, hakuuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi karudi mzima! Vidole vinakimbia. Ananuka ile dawa ya kuchua ya Mnyoosha. Bendeji hana, na mimi najua maana yake.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba sasa ni zamu yake kunisuka mimi. Nimejifunga kitambaa kichwani. Nimesema nina vidonda. Nimesema daktari kanikataza. Nimesema nafikiria kunyoa. Kila nikigeuka yupo nyuma yangu na chanuo, anatabasamu. Nimefanya kazi kutwa nzima mgongo ukiwa ukutani.

Jioni Mama Saluni akatangaza mtihani. Kichwa chake mwenyewe. Wifi kulia, mimi kushoto. Upande utakaopendeza zaidi ndio utakaochukua saluni.

Wifi akanitazama. Nikamtazama. 

Jumatano, 19 Machi

Tulianza kila mmoja upande wake. Tulikutana kwenye njia ya kati, vidole vyake na vyangu, vyote vya baridi. Redio ilikuwa inakoroma bila wimbo. Mama Saluni alifumba macho, akasema anasikia kama mtu anammwagia maji toka utosini.

Pande zote mbili zilitoka nzuri. Nzuri kupita kiasi. Nilishindwa kuzitazama kwa muda. Mama Saluni akafika kwenye kioo, akageuka huku na huku, akasema hawezi kuchagua. Saluni ni yetu sote wawili, tugawane kama ndugu. Akatukabidhi funguo. Yaani alitaka kutukabidhi. Zilianguka. Akazifuata, vidole havikufunga. Akajaribu na mkono mwingine, navyo vivyo hivyo. Mimi na Wifi tukabaki tumesimama kila mtu akingoja mwenzake ainame.

Mwishowe akaomba mtu amfungulie mlango atoke. Nilimfungulia. Amefanya kazi na mikono ile tangu sijaolewa. Nimelia kidogo nyumbani, nikaosha uso, nikapima wapi nitaweka kiti changu.

Ijumaa, 21 Machi

Vidole vimelala tena, safari hii mpaka kwenye kiganja. Nikarudi kwa Mnyoosha. Chumba cha kungojea kimejaa. Nilipoingia waligeuka wote pamoja, na wote wana mistari yangu kichwani. Mwalimu alikuwepo. Mama Saluni alikuwa pembeni yake, mikono yote miwili mapajani. Alinisalimia vizuri. Afadhali angenitukana.

Mnyoosha akaniuliza kama nimesuka. Nikasema sijasuka hata mwanasesere. Akakishika kifundo changu muda mrefu, kama anasikiliza. Akasema njia imekuwa nyembamba zaidi na atanyoosha mara hii ya mwisho. Wale wa nje anaweza kuwasaidia. Lakini ganzi iliyong'olewa mara mbili, ikihamia kwa mtu, yeye hana tena njia ya kuitoa. Nifunge bendeji, nisiguse kichwa cha mtu, hata wa kwetu nyumbani. Nikaapa.

Ko.

Jumapili, 23 Machi

Kesho shuleni kwa binti yangu wanapigwa picha ya darasa. Binti wa Wifi yuko darasa hilohilo. Nimewaona leo barabarani: mtoto kasukwa mistari mia, na shanga. Na hakusukwa na mama yake! Wifi kampeleka saluni ya mtaa wa pili. Msusi mzima anampeleka mwanawe kwa watu baki. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Hana hata imani na mikono yake.

Halafu nimerudi nikamkuta wangu na nywele timutimu. Wasimame bega kwa bega kwenye picha, na picha itundikwe ukutani mwaka mzima, Wifi aitazame kila akija?

Nimevua bendeji kwa ajili ya saa hii tu. Nimekusudia mistari michache, myembamba, mbali na utosi. Mnyoosha naye anatia chumvi nyingi. Mkono ni mwepesi ajabu. Mtoto kakaa kimya kwenye kigoda, na hapa kati nimesimama kuandika haya ili vidole vipumzike.

Anasema gumba lake linakufa ganzi. Nimemwambia atulie, nimebakisha upande mmoja.