Mtoto wa Matajiri Anatafuta Mdhamini

Jumatatu, 7 Novemba
Ofisi ya ada imenipa hadi Ijumaa. Nisipolipa, nafutwa chuoni na kurudi nyumbani na begi lilelile nililokuja nalo. Sijashtuka! Kuna benki binafsi inayokopesha wanafunzi wageni, ila inataka mdhamini, mwenyeji wa hapa, mwenye kazi ya kueleweka. Namjua mmoja tu: mama mwenye nyumba wetu, mfamasia. Kumwomba hivihivi ni ushamba. Kwanza nimlainishe. Mwenzangu wa chumbani, ambaye namwita Mpole, naye anatafuta mdhamini. Maskini. Hana mbinu hata moja.

Jumanne, 8 Novemba
Nimejitolea kutengeneza bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji. Sasa halidondoshi. Linamwaga! Mama mwenye nyumba alirudi kutoka kazini akakuta ndala zake zinaelea. Nikamweleza kwamba kwetu kazi hizi hufanywa na watumishi. Akauliza wako wangapi. Nikasema siku hizi tumewapunguza. Mpole akachukua tambara akapiga deki. Kujipendekeza huko!

Jumatano, 9 Novemba
Pigo! Mpole kapata mdhamini, na ni mama mwenye nyumba huyohuyo. Nikamhoji alitumia mbinu gani. Akasema alimwomba tu. Nilikasirika mpaka nikamlia mkate wake wote.
Jioni nami nikaenda kuomba. Mama alicheka hadi miwani ikamvuka. Mtoto wa watu wenye watumishi adhaminiwe na yeye? Akaniambia nisitanie watu wazima.

Alhamisi, 10 Novemba
Benki wana mkopo mwingine! Hauhitaji mdhamini, mradi ndugu wa nyumbani athibitishe kwa simu kwamba mwombaji hana kipato. Nimewapa namba ya shangazi. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeuza cherehani yake nikapata tiketi. Ananipenda mno. Nimeshapiga pasi shati la kwenda kupokelea mkopo.

Ijumaa, 11 Novemba
Nimenyimwa. Shangazi kawaambia, tena kwa furaha, kwamba mimi ni meneja, nina gari na dereva, na mkopo huo wawape wenye shida. Simlaumu. Ni mimi niliyekuwa nikimwambia hayo kila nikipiga simu, ili asiijutie ile cherehani.
Nililia bafuni, nasema kweli. Mama mwenye nyumba akagonga mlango. Nikamweleza yote, hadi wale watumishi hewa.
"Kumbe una shida kama watu wengine! Si ungesema, mwanangu?"
Akanikokota hadi ofisi ya ada kabla haijafungwa, wakaniongezea wiki mbili. Jumatatu atanidhamini. Sharti lake ni moja tu: uongo basi. Nimeapa. Mimi ni mtu mpya!

Jumamosi, 12 Novemba
Shangazi kapiga simu. Binti yake naye amepata chuo huku, na anatakiwa awe na mdhamini mwenye kazi. Shangazi ameshawajibu kwamba yupo, meneja mzima.
Nilikohoa. Nikaanza kusema ukweli. Nikamsikia akiwatangazia majirani umeneja wangu kwa sauti. Nikamwambia asijali, dereva wangu atampokea binti uwanja wa ndege.
Sasa natafuta gari. Mpole ana baiskeli yenye kiti cha nyuma. Kumwomba hivihivi ni ushamba. Nimeona breki zake zinapiga kelele. Kesho nitazitengeneza.