Kuhusu Mama Mkwe Wangu Kunishikia Kamba

Ndugu Meneja wa Ukumbi wa Kupanda Kuta,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, miguu yote miwili imenyooka mbele yangu, usije ukadhani barua hii ni ya mtu mwenye kizunguzungu. Natumaini wewe, wafanyakazi wako na yule paka anayelala kwenye magodoro ya kuangukia mko salama. Mimi pia ni mzima, isipokuwa heshima yangu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi wa lifti. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuhakikisha kwamba binadamu hapandi ukuta wowote kwa mikono yake. Nilikuja kwenye ukumbi wako baada ya daktari kunibonyeza tumbo na kuniuliza kama nina mpango wowote nalo. Nikaupenda mchezo, nakiri. Napenda vumbi la chaki viganjani, napenda vile vishikio vya rangi vilivyotapakaa ukutani kama peremende, na hata vile viatu vinavyobana mpaka mtu anakumbuka madhambi yake nimevizoea. Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa mtu huru. Sasa sivyo tena, na nitaeleza ilivyotokea.

Mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, alikuja kwetu kwa wiki mbili kutibiwa mtoto wa jicho. Huu ni mwezi wa nane. Jumamosi moja akasema anataka kuona kinachomtoa mume wa binti yake nyumbani kila wiki amevaa suruali ya kubana. Mwalimu wenu wa kamba, yule tunayemwita Mjusi, badala ya kumpa kiti na chai, alimpa chai na mkanda wa kiunoni. Akamfundisha kushika kamba: aliye juu akipanda, aliye chini huivuta kamba taratibu, aliye juu akiteleza, aliye chini huibana na mtu akabaki hewani salama. Mtihani huo mimi nimeufeli mara tatu. Mama mkwe aliupita kabla chai haijapoa, akapewa kadi. Mjusi alipomuuliza amejifunzia wapi, alijibu kwamba kwa miaka thelathini na minne ameshika vitu vinavyoteleza kuliko kamba, na hajaangusha hata kimoja.

Kwa kanuni zenu, asiye na kadi ya kushika kamba lazima apande na mwenye kadi, na watu wa nyumba moja hupangwa pamoja. Hivyo ndivyo roho yangu ilivyokabidhiwa kwa mama mkwe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Lugha. Mnatufundisha kwamba mpandaji apaze sauti: "Kaza!" "Legeza!" "Nishushe!" Ndugu Meneja, una wakwe? Ni nani mwenye akili timamu anayemwambia mama mkwe "Kaza!"? Mimi kwa huyu mama sijawahi hata kusema "Naomba chumvi." Husema tu kwamba leo chumvi naiona iko mbali, na mke wangu huelewa. Nimejitahidi kutunga amri zenye adabu. Nikiwa mita ya nane nilianza: "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, kama mikono yako haijachoka..." Nilipofika hapo mikono yangu mimi ilikuwa imeshachoka, nikaning'inia. Naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, hakunikatiza. Alinisubiri nimalize.

2. Ukaguzi. Kabla ya kupanda, kila mmoja lazima akague mkanda wa mwenzake. Yeye hunikagua kwa kuuvuta mkanda wangu mara mbili na kutangaza matokeo kwa sauti: "Umeongezeka." Kisha mimi nami natakiwa nimchunguze mama mkwe kiunoni, mchana kweupe. Nimekuwa nikimkagua huku nimetazama taa za darini. Wiki iliyopita nilithibitisha kwa makini kwamba kifungo kiko sawa, kumbe nilikuwa namkagua mteja mwingine kabisa, ambaye alinishukuru.

3. Macho hayana pazia. Mtu akipanda ukuta, aliye chini yake anaona nini? Sitafafanua, wewe ni mtu mzima. Miezi minne ya kwanza, akisubiri zamu yake hospitalini, nilijipa moyo, kwa sababu macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu na mwenyewe alisema ananiona kama doa linalopanda, ila kamba anaisikia mikononi. Doa halina aibu. Nilikuwa tayari kubaki doa. Halafu hospitali ikamtibu. Alipumzika mwezi mzima (mwezi huo sikupanda kupita mita tatu, kwa sababu za hali ya hewa), kisha akarudi na macho mapya. Jumamosi ileile ya kwanza, kwenye njia ya vishikio vya rangi ya machungwa, niliinua mguu wa kushoto na suruali yangu ikachanika kutoka mahali pa heshima hadi mahali pasipo na heshima. Ukumbi mzima ukageuka. Nikamsikia akisema kwa sauti yake ya wodini, "Endelea tu, mwanangu, usijali. Nimeona wengi." Niliposhuka alinishauri ile alama nyeusi aliyoiona ikaangaliwe na daktari.

4. Maelekezo. Hili ni kosa lenu moja kwa moja, maana hamkumwekea mipaka. Nikikwama ukutani, wenye kadi wengine huwaambia watu wao "mguu kulia" au "kishikio kiko juu yako." Mama mkwe hajui lugha hiyo, anajua ya kazini kwake. Husimama chini, miguu ameitanua, na kuita: "Pumua! Usisukume bado! Pumua kama nilivyokufundisha... haya, sasa! Sukuma, baba, sukuma!" Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba inafanya kazi. Ndivyo nilivyofika kilele cha njia ya kijani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Watu wakapiga makofi, na mmoja akauliza ni wa kike au wa kiume. Siku hizi nusu ya ukumbi inapanda kwa kuhema hivyohivyo. Karani wa benki, yule mrefu mwenye miwani, hulia kabisa akifika juu, kisha huomba maji ya uvuguvugu.

5. Mahojiano. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Walisema hivyo kwa sababu hawakuwa na mama mkwe aliyeshika kamba. Nikifika juu, mita kumi na mbili, natakiwa nishushwe. Sishushwi. Kamba inabanwa, halafu swali linapanda: "Bomba la jikoni linavuja tangu lini?" Nikijibu vibaya nabaki hapohapo. Katika hali hiyo ya kuning'inia nimeahidi kutengeneza bomba, kuhudhuria kikao cha wazazi shuleni, kumwomba radhi shemeji yangu kwa nilichosema kuhusu nywele zake, na kulala ubavu ili nisikorome. Je, ahadi ya mtu asiyegusa ardhi ni ahadi? Kwenye kazi yangu, chombo chochote kinachomning'iniza binadamu lazima kiwe na kengele ya dharura na kibao kinachotaja uzito. Mimi ninaning'inizwa bila kengele, na uzito wangu unatangazwa kwa mdomo.

Matokeo yake yamefika hadi nyumbani. Mke wangu hagombani nami tena siku za wiki. Nikiacha taulo kitandani, hutabasamu, huandika kitu kwenye karatasi, na Ijumaa humkabidhi mama yake karatasi hiyo imekunjwa vizuri. Nilimzoea mke mgomvi, Ndugu Meneja. Huyu mwenye tabasamu ananitisha. Na maradhi yanaambukiza: mke wa mwoka mikate, yule anayepanda njia ya jirani yangu, naye amepata kadi, akaja na daftari. Jumamosi iliyopita palikuwa na waume watatu wameanikwa juu kwa pamoja, na mmoja wao akakiri jambo ambalo hata hakuulizwa.

6. Ajali. Hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu. Jumamosi hiyohiyo nilikuwa kwenye njia nyeusi, ambayo imenishinda tangu nijiunge nanyi. Nilifika mita ya kumi na moja. Kishikio cha mwisho nilikiona, nikakigusa kwa vidole viwili, mkono ukateleza. Nilikuwa nimejiandalia sentensi yangu ya adabu, nimeifanyia mazoezi hata bafuni. Kilichonitoka mdomoni ni: "Kaza, mama!" Tupu. Bila shikamoo, bila samahani, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita.

Akakaza. Lakini yeye ana kilo hamsini na mimi nina kilo ambazo tayari zimetangazwa. Nikawa nashuka na yeye anapanda, kama vile lifti na jiwe lake la uzani, mpaka tukakutana katikati, uso kwa uso, mita tano kutoka chini, kamba ikagoma na sote tukasimama hewani. Nikaona haya, nikasema, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba. Asubuhi ulikula kweli wewe?" Hakuna mahali popote katika kanuni zenu panapoeleza wakwe wakikutana angani wafanyeje. Mjusi alikuja kututoa kwa ngazi. Ngazi, Ndugu Meneja, ndani ya ukumbi wa kupanda kuta.

Tulipofika chini niliiona mikono yake. Kiganja kilikuwa na mstari mwekundu. Miguu ilipoacha ardhi, mtu yeyote angeachia kamba, yeye hakuachia. Yeye alichouliza tu ni kama narudia sasa hivi au baada ya kunywa maji. Kumuona mzee wa watu akipaa hewani kwa ajili yangu ni jambo zito, na siwezi kuendelea na mchezo unaonifanya nimpandishe mama mkwe kama ndoo ya kisimani.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba: kadi ya mama mkwe ifutwe mara moja, wakwe wote wapigwe marufuku kushikiana kamba, hadi kizazi cha tatu, na kama hayo ni mazito kwa uongozi, basi pafungwe pazia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia mkuu akiwa chini na wewe ukiwa juu, la nani lisikilizwe. Naomba majibu kabla ya Jumamosi. Nikikosa jibu nitarudi kwenye lifti zangu, ambako mtu hubonyeza kitufe na hakuna anayemuuliza habari za bomba.

Nawasalimu wote kwa majina yao ya ukumbini: Mjusi na ngazi yake, dada wa mapokezi anayenipa viatu vidogo kuliko mguu wangu kwa sababu anazojua mwenyewe, karani wa benki na machozi yake, mwoka mikate nikimpa pole, na paka.

Ni mimi mteja wako, niliyebakiwa na heshima kidogo na ninayeitunza,
Fundi wa Lifti
(njia ya kijani)

N.B. Nilikwenda kutafuta bahasha nikamkuta mama mkwe anakunja nguo zake. Jana alikwenda kupimwa, na daktari kasema macho yamepona kabisa, kwa hiyo hana tena sababu ya kukaa kwetu. Anaondoka Jumapili. Aliniambia hivyo kwa utulivu, kisha akaniomba nimteremshie begi lililo juu ya kabati, kwa kuwa mimi ndiye mpandaji.

Tafadhali yote niliyoomba hapo juu yapuuze. Kadi yake isiguswe. Ile hali ya hewa niliyoitaja kwenye namba tatu haikuwepo, ukumbi wako una paa. Mwezi ule Mjusi ndiye aliyenishikia kamba, na hana kosa lolote, lakini kila nilipofika mita tatu nilitazama chini, nikaona aliyeshika kamba si mama mkwe, nikashuka.

Tatizo ni kwamba mkwe hamwambii mama mkwe abaki, kama asivyomwambia akaze. Tangu mchana ninatunga sentensi ya adabu, na mpaka sasa nimefika kwenye "kama haitakusumbua." Bomba la jikoni nililitengeneza Jumatano. Leo nimelilegeza tena, asije akakosa la kuniuliza. Jumamosi nitapanda njia nyeusi hadi juu, nitakumbatia kile kishikio cha mwisho, na safari hii mimi ndiye nitakayekataa kushuka mpaka aniahidi. Naomba siku hiyo msifunge mapema.