Kamati ya Usawa wa Mbu

Inatangazwa kwa fahari kwamba wizara imewaonea mbu huruma na kuwaundia kamati. Nami ni mjumbe. Cheo changu ni Mwakilishi wa Walioumwa, na sikukipata kwa kubebwa: mke wangu alikufa kwa malaria, nikawa kila asubuhi niko mlangoni kwa Mkurugenzi kuulilia mtaro wa maji yaliyotuama nyuma ya nyumba yangu. Wakubwa wakapima, wakaona kuufukia mtaro ni kazi, kunipa kiti ni rahisi. Kiti chenyewe kiko jirani na choo, lakini kina mto.

"Sasa uko ndani ya mfumo, mzee," Mkurugenzi aliniambia. "Na mtu wa ndani halalamiki."

Tunaye daktari wa mbu, mama mmoja mkavu wa maneno, anayewafuga kwenye vizimba vya chandarua. Alitueleza kwamba mbu jike, kwa kawaida, huolewa mara moja tu. Akiangukia dume tasa, yamekwisha, mayai yake hayaanguliwi. Kwa hiyo yeye huwahasi madume maabarani, awaachie mtaani wakaoe. Na dume haumi, hunyonya maua tu.

Hapo nilimkumbuka binti yangu. Ana mimba kubwa, na analala chumba kilekile alichofia mama yake, ukuta kwa ukuta na mtaro. Nikaomba madume waanzie kwetu. Wakakubali. Nikashukuru mpaka nikajionea haya.

Kisha Mkurugenzi akachungulia kizimba.

"Humu wote madume?"

"Wote," alisema daktari.

"Na majike je? Unataka magazeti yaseme tunabagua?"

Kamati nzima, wanaume watupu, ilihuzunishwa sana na kutengwa kwa wanawake. Ikapitishwa: nusu kwa nusu.

"Mheshimiwa, jike ndiye anayeuma."

"Basi apewe semina."

"Mbu?"

"Dada, usidharau uwezo wa mwanamke."

"Na majike nilionao wameshaolewa. Hawa matasa watawaoa akina nani?"

Swali halikuhesabiwa. Daktari si mjumbe, ni mtaalamu tu. Nikanyoosha mkono mimi: "Jamani, mnifungulie majike mlangoni, na mwanangu mjamzito?" Mkurugenzi akanipongeza kwa mchango mzuri, katibu akaandika kwamba nimeunga mkono.

Siku ya uzinduzi binti yangu alikuwa anashona viraka vya chandarua. "Baba, si wewe ni mkubwa huko? Umetusaidia nini?" Nikavaa viatu, nikatoka.

Waziri, mgeni rasmi, alifika kona ya mtaa wetu akashusha kioo. Mtaro ukawahi kumsalimia. Akapandisha kioo. Papo hapo ikaamuliwa shughuli ihamie ukumbi wa wizara, na madirisha yafungwe, ubaridi wa viyoyozi usitoroke. Daktari akasihi. Akaambiwa asivuruge itifaki.

Nikapewa heshima ya kufungua vizimba. Nikavifungua vyote, kwa moyo mkunjufu.

Waziri akahutubia. Mara safu ya mbele ikapiga kofi. Safu ya pili, makofi. Ukumbi mzima, pa! pa! pa! Waziri hajawahi kupendwa namna ile, akairefusha hotuba. Alipofika kwenye shukrani naye akajipiga kofi la shavu, likasikika kwenye vipaza sauti.

"Wameshiba damu," daktari alisema taratibu. "Sasa watatafuta maji ya kutagia."

Wote tukageukia chemchemi ya mapambo uani.

"Maji yote yaliyotuama karibu na mjumbe yeyote wa kamati hii yafukiwe!" Waziri akafoka huku akijikuna. "Sitaki maswali!"

Chemchemi ikafukiwa. Bwawa la kuogelea la Mkurugenzi likajazwa kifusi, mkewe akilia ukingoni. Kisha malori yakaja kwangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mkurugenzi akawahi kuyazuia, uso umemvimba kama andazi. "Mzee, amri ile ilitukusudia sisi viongozi!"

"Mheshimiwa, mimi si niko ndani ya mfumo?"

"Na bwawa langu limeharibiwa! Nitamlalamikia nani?"

Dereva akamwaga kifusi. Mtaro ukameza, ukanyamaza. Binti yangu akatoka na tumbo lake, akashika kiuno.

"Baba, huyu anayejikuna ni nani?"

"Msalimie, mwanangu," nikasema. "Ndiye Mwakilishi mpya wa Walioumwa. Kiti chake kina mto."