Pipa la Marehemu Baba

Jumamosi, 28 Oktoba
Zimebaki siku tano. Nimegonga pipa: limejaa. Nimeonja: maji, na harufu ya miwa kwa mbali.

Balaa! Mwaka mzima nimeonja kata moja tu kila Jumapili (sawa, na Jumatano), nikajazia maji lisipungue. Rangi nimeitengeneza kwa sukari guru iliyoungua. Kwa rangi, najipongeza.

Baba alipika charanda, pombe kali ya miwa, hapa Uruapan, Meksiko, miaka arobaini. Alipofariki, aliacha pipa moja. Mama akaamua: mimi, Eleuterio, nilitunze hadi Siku ya Wafu, 2 Novemba. Likiwa salama, mtambo wa Baba ni wangu. Lisipokuwa salama, mtambo unakwenda kwa Gaudencio, mume wa dada yangu. Gaudencio hanywi hata tone. Mtambo wa Baba, kwa mtu wa maji ya chungwa!

Jumatatu, 30 Oktoba
Nimemimina chupa mbili kali nilizonunua sokoni. Pipa limezimeza, halijashtuka.

Mchana akaja Gaudencio. Akauliza, kwa adabu zake za kuudhi, pipa linaendeleaje. Akasema siku ile atalipima mwenyewe kama alivyopima Baba: unamimina kutoka juu, na charanda ikiwa kali, povu linajipanga ukingoni mwa kata kama shanga. Ikiwa dhaifu, hakuna shanga. Nikamwambia wazo zuri sana, shemeji.

Jumatano, 1 Novemba
Nimepata! Nani asiyejua kwamba marehemu wakija kwenye madhabahu tunayowawekea nyumbani huondoka na ladha ya chakula na kinywaji? Mkate uliowekwa kwa ajili yao, kesho yake ni kama kutafuna pamba. Basi nimelibingirisha pipa zima hadi chini ya picha ya Baba, katikati ya maua ya manjano. Nikamwambia Mama kikombe kimoja hakimtoshi mtu kama Baba.

Nilitegemea anisifu. Akakaa kitako chini, akanieleza jambo ambalo hajamwambia mtu. Asubuhi ile ya mwisho Baba aliomba kikombe kabla ya kwenda kwenye miwa. Mama akamnyima, akamwambia akanywe na walevi wenzake. Hakurudi akiwa hai. Mama anaogopa kwamba amekasirika na hatakuja.

Nikatoka nje, nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Pipa nimeliacha palepale.

Alhamisi, 2 Novemba
Tumerudi kutoka makaburini adhuhuri. Majirani wamejaa, corunda, maandazi ya mahindi, zinafuka mvuke. Gaudencio akapanda kigodani, akamimina kutoka juu. Tukainama wote kutazama. Hakuna shanga. Hata moja.

Akaonja kwa ncha ya ulimi, yeye asiyekunywa. Akanigeukia. "Shemeji, hii ni charanda au maji ya kuoshea miguu?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Mama akanitangulia. Aliichukua ile kata, akanywa yote, akafumba macho.

"Amekuja," akasema. "Amekunywa lote. Basi amenisamehe."

Akalia. Dada yangu Obdulia akalia. Na mimi nililia, tena kweli, kwa aibu. Mama akanibusu mkono, mkono huuhuu, akasema mtambo ni wangu kwa kuwa nimemleta Baba nyumbani.

Mlangoni Gaudencio alinishika bega, akaniuliza polepole: "Baba siku hizi anakunywa kwa mdomo wa nani?" Akamtazama Mama jinsi alivyokuwa akitabasamu, akavaa kofia, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Mtu yule ana roho nzuri, na inaniuma kuiandika.

Ijumaa, 3 Novemba
Nimeapa mbele ya picha ya Baba: sitagusa tena pipa lolote lisilo langu. Nimejisikia mwepesi. Nimesafisha mtambo wote.

Jumapili, 5 Novemba
Mama anaweka kikombe madhabahuni kila asubuhi, charanda kali ya dukani. Ijumaa alikionja, ukali uko palepale. Siku nzima alikuwa mnyonge, hakula. Ningefanyaje? Mtoto gani angevumilia? Jana nilikinywa, nikajazia maji. Mama akaonja, akaimba akipika maharage.

Leo anasema kikombe ni kidogo, Baba ameonyesha ana kiu. Kuanzia kesho ataweka chupa nzima.

Nimekisoma tena kiapo changu cha Ijumaa, neno kwa neno. Kinasema pipa. Chupa haikutajwa.