Kanuni Nne za Likizo

Jumatatu, 20 Novemba 1972

Nimekwisha. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Abasi, amenichagua mimi.

Siku ya kufunga shule, Ijumaa ya tarehe mosi, wazazi wote watakaa uwanjani na mwanafunzi mmoja atawasomea Habari za Shule na Kanuni za Likizo. Mwanafunzi huyo ni Masele wa darasa la sita, yaani mimi, ambaye hata kwenye mahudhurio Mwalimu huliita jina langu mara mbili kwa kuwa hajasikia nilivyoitika. Nimechaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Laiti ningeandika kama kuku!

Niliandika siku mbili. Habari: shamba la shule limetoa magunia kumi na moja ya karanga. Choo kipya kimefika kwenye linta, juu ya mlango. Kuku wa mradi wameongezeka, isipokuwa jogoo aliyepotea wiki ile alipokuja mgeni wa wilaya. Kisha kanuni nne, kwa wino mwekundu, na nakala yake ikabandikwa ubaoni. Usile maembe mabichi. Usichokoze nyuki. Usipande mwembe uliolowa mvua. Usiende bwawani bila mtu mzima. Nilizipenda sana. Sikujua zitatoka mdomoni mwangu.

Na si mara moja. Mwalimu Abasi anataka zisomwe kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, wazazi waone kwamba lugha zote mbili zimeingia. Nikaomba, kwa sauti ndogo, mtu mwingine asome. Akasema kujitegemea ni kusoma ulichoandika mwenyewe. Sikumbuki kama Azimio linasema hivyo. Sikubisha.

Naungama hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Darasa la nne nilisimama kusoma mbele ya mkaguzi. Sauti ikatoka kama bawaba ya mlango wa stoo. Bundala wa darasani kwetu huiigiza mpaka leo. Aliiigiza mbele ya Pramila, binti wa Mzee Jivraj mwenye duka la vitambaa, anayekaa dawati la mbele yangu. Pramila alicheka kidogo. Kidogo tu, lakini meno niliyaona.

Siku kumi na moja zimebaki.

Jumatano, 22 Novemba

Mpango wa kwanza. Asiye na sauti hasomi.

Benedikta, mdogo wangu wa darasa la tatu, anasema maembe mabichi kwa chumvi na pilipili hukausha koo kabisa. Nimekula tisa asubuhi njiani, tangu kwetu Chemchem mpaka getini. La kumi lilinishinda.

Saa tatu, sauti ipo. Saa nne, sauti ipo, ila tumbo limeanza kusema. Nilitoka darasani mara nne. Choo kipya bado hakijaezekwa, na mvua haikunionea huruma.

Niliporudi mara ya nne Mwalimu Abasi aliniuliza mbele ya wote kama nimekula maembe mabichi. Nikasema hapana, Mwalimu. Ajabu, ilitoka sauti safi, nene, ya mtangazaji. Sijawahi kutoa sauti ile maishani. Akasema ndiyo hiyo hiyo, niitunze mpaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama amenipikia uji mwepesi bila kuuliza kitu. Benedikta anasema labda ningemaliza la kumi.

Ijumaa, 24 Novemba

Bundala anafanya mazoezi! Hakuna aliyemwomba. Kila mapumziko anapanda juu ya tofali karibu na bomba, anasoma gazeti la juzi kwa sauti ya redio, mkono mmoja sikioni. Watoto wa darasa la kwanza humzunguka. Pramila naye alisimama pale, ingawa labda alikuwa anasubiri maji.

Kwa haki kabisa, ningeweza kumwendea Mwalimu nikasema Bundala yuko tayari. Yamekwisha. Lakini siwezi. Kanuni ni zangu. Nyekundu ile ni yangu. Nikimfikiria Bundala akitamka "usichokoze nyuki" kama yeye ndiye aliyewagundua nyuki, nakosa usingizi.

Kwa hiyo: nisisome mimi, asisome Bundala. Nimezunguka uwanja mara sita nikiwaza. Sijapata wa tatu.

Jumanne, 28 Novemba

Mpango wa pili ulikuwa mzuri. Nauandika kwa jicho moja.

Mdomo uliovimba hausomi. Nyuki mmoja, mdomo wa chini, kazi imekwisha. Baba mdogo ana mzinga nyuma ya shamba lake kule Itetemia. Yeye huuendea jioni, na moshi wa kutosha, na wimbo wake wa kuwabembeleza. Mimi sikuhitaji asali. Nilihitaji nyuki mmoja. Kwa hiyo nilikwenda mchana, bila moshi, nikagonga mzinga kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayepiga hodi.

Walitoka wote.

Baba mdogo alinikuta kwenye mtaro wa mahindi, nimejifunika shati. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni nani aliyenifundisha, na nilipomjibu ni mimi mwenyewe akasema ndiyo, inaonekana.

Jicho la kushoto limefumba. Sikio limekuwa kama chapati. Shingo haigeuki. Midomo? Mizima. Hakuna hata mmoja aliyeigusa. Nimeikagua kwenye kioo cha Mama, haina hata alama.

Jumatano, 29 Novemba

Asubuhi Pramila aligeuka akanitazama muda mrefu kuliko siku zote za mwaka huu ukizijumlisha. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naomba wino.

Sijui kwa nini. Ni maneno pekee niliyowahi kumwambia, yamezoea njia.

Siku mbili zimebaki. Basi nikakumbuka utani.

Mwalimu Abasi ni Mzaramo wa Kisarawe. Sisi ni Wanyamwezi. Tangu zamani za misafara, babu zetu walipobeba pembe kutoka hapa mpaka pwani wakipita kwao, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja akimchukulia mwenzake kitu, hakuna kununa, hakuna kesi. Mwaka jana kwenye msiba wetu fundi mmoja wa reli, Mzaramo, alichukua koti la Baba, akalivaa, akalala pale pale wanapokaa wafiwa akidai yeye ndiye marehemu na ana njaa. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Koti lilikaa kwa fundi miezi miwili.

Kwa nini basi nisichukue karatasi za hotuba? Kisheria ni zangu.

Saa nane Mwalimu alikuwa shambani na darasa la saba. Nikaingia ofisini, nikachukua bahasha, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalificha juu ya mwembe wa uwanjani, penye panda ya tatu. Mti ulikuwa mkavu. Nilipanda vizuri sana, naomba ieleweke.

Kutangaza ndiko kulikonishinda. Utani usiotangazwa ni wizi. Nilisimama nje ya ofisi karibu saa nzima. Mwishowe nikaingia, nikasema kwa sauti ndogo kama ukucha: shikamoo, Mwalimu, mtani wako nimekuchukulia karatasi.

Alitazama mezani, bahasha ilipokuwa. Kisha akacheka. Alicheka akashika meza, akavua miwani akaifuta, akacheka tena. Akasema amekaa Tabora miaka sita na hakuna mtoto aliyewahi kumtania, alidhani Wanyamwezi wa siku hizi wamekwisha.

"Marahaba, mtani," akasema. "Mlango umeufungua mwenyewe. Nikiingia usipige kelele."

Karatasi akasema nikae nazo. Bundala atasoma. Bundala ana hotuba yake aliyoiandika mwenyewe, na mwishoni atataja jina la mwandishi.

Jina la mwandishi! Nimefika nyumbani sijui nilipita njia gani.

Alhamisi, 30 Novemba

Nilitaka tu kulirudisha kopo. Ningempa Mwalimu karatasi, Bundala angesoma zangu, mwishoni lingetajwa jina langu, nami ningekuwa nyuma ya choo kipya. Mpango usio na kasoro. Sijui kwa nini sikuanza nao.

Usiku mvua ilinyesha. Hilo sikulifikiria. Au nililifikiria nikiwa tayari panda ya pili.

Gome la mwembe uliolowa ni kama sabuni. Nilianguka juu ya banda la kuku wa mradi. Kuku wazima wote. Banda limelala upande. Mimi kifundo cha mguu kimeteguka, na kopo bado liko juu. Lilikuwa halijafunikwa vizuri, likajaa maji ya mvua, na kuanguka kwangu kuliliinamisha. Wino mwekundu ulianza kunidondokea usoni nikiwa chini pale pale, tone baada ya tone, na mtoto mmoja wa darasa la pili akakimbia akilia kwamba Masele amekufa.

Baba alikuja na baiskeli ya jirani akanibeba. Tulipofika akaniuliza kama ni kweli nimemfungulia utani Mwalimu Abasi. Nikasema ndiyo, Baba. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi hawezi kunisaidia tena.

Mganga wa zahanati amefunga mguu kwa bendeji kubwa. Siku saba nisiukanyage.

Siku saba! Kesho ni kesho! Sisomi! Nilimshika Benedikta nikambusu kichwani. Akafuta.

Ijumaa, 1 Desemba

Nianzie wapi?

Saa mbili asubuhi nilikuwa kitandani na furaha yangu. Saa mbili na nusu walifika wavulana wanne wa darasa la saba na machela ya mifuko ya gunia na miti miwili. Wakasema wametumwa na mtani wangu. Nikamwita Baba. Baba alikuwa amekwisha vaa koti, lile lile lililorudi kutoka kwa fundi. Akasema twende, tutachelewa.

Walinibeba mabegani kutoka nyumbani mpaka shuleni, wakiimba kama wapagazi, na katika kila duka watu walitoka. Tulipita mbele ya duka la Mzee Jivraj. Mzee Jivraj aliinua mkono. Mimi nilijifunika shuka, ila mguu wenye bendeji haukuingia.

Uwanjani walikuwapo wazazi labda mia mbili, na mwenyekiti wa tawi kwenye kiti cha mikono. Mwalimu Abasi akawaonyesha mahali pa kuniweka: juu ya meza, katikati. Akasema miaka mingi babu zetu walileta mizigo pwani kwao, na wao walipokea bila kulalamika. Leo yeye Mzaramo anawarudishia Wanyamwezi mzigo wao mmoja, wauhakiki kama umefika salama. Watu walicheka mpaka wengine wakasimama.

Nilimtafuta Baba kwa jicho langu moja. Nilidhani atainuka. Aliinuka kweli.

"Wetu angalau alipanda," akasema. "Nyinyi pwani mnalala chini mnangoja embe liwaombe ruhusa kuanguka."

Wakacheka zaidi. Baba akakaa, ameridhika. Hapo nikaelewa alivyosema jana kwamba hawezi kunisaidia. Utani umeshafunguliwa, hakuna mzazi anayekuja kuufunga.

Kisha Bundala akasoma. Alisoma vizuri, siwezi kusema uongo kwenye shajara. Kanuni zake zilikuwa zangu, alizinakili mapema kutoka kwenye ubao wa matangazo. Kila alipofika kwenye kanuni, Mwalimu alinyoosha fimbo ya ramani. Usile maembe mabichi: fimbo tumboni kwangu. Usichokoze nyuki: fimbo jichoni, sikioni, shingoni, polepole, wa nyuma waone. Usipande mwembe uliolowa mvua: fimbo kwenye bendeji. Kina mama walikuwa wanawashika watoto wao mashavu kuwageuza wanitazame. Kanuni ya nne, ile ya bwawa, haikuwa na mahali. Mwalimu akaitafuta kidogo mwilini mwangu, akashusha fimbo akasema tushukuru.

Halafu Kiingereza. Yote tena. Fimbo tena.

Mwishoni Bundala akataja jina la mwandishi. Lake.

Nilitaka shajara hii ijue jambo moja zaidi. Watu walipotawanyika Pramila alikuja pale mezani. Alisimama. Nami nilikuwa na sentensi nzima tayari, nimeipanga tangu kanuni ya pili. Kabla sijafungua mdomo aliweka chupa ya wino kando ya mguu wangu.

"Kwa kuwa utaomba," akasema, akaondoka.

Wino wa bluu. Mpya. Naandikia huo.

Jumamosi, 2 Desemba

Balaa jipya.

Mwenyekiti wa tawi amekuja nyumbani. Anasema katika mikutano yote ya wazazi aliyohudhuria hajawahi kuona kanuni zikieleweka hivi. Jumanne shule ya Ipuli nayo inafunga, nami nitapelekwa. Kwa machela. Baada ya Ipuli wataona. Amemsisitizia Mama asinipake dawa nyingi, nisipone kabla. Baba amekubali kwa niaba yangu. Amesema ni ujenzi wa taifa.

Sikubali. Wanamtaka mgonjwa, basi Jumanne wamkute mzima. Jicho limeanza kufunguka lenyewe. Sikio limepungua, limebaki chapati ndogo. Kazi ni mguu. Uvimbe unaondolewa kwa maji ya baridi, mengi, yanayotembea, hilo lilisemwa darasani kabisa, somo la afya. Ndoo ya Mama haitoshi hata kuingiza kisigino.

Nimewaza wapi yapatikane maji mengi ya baridi. Wiki hii mvua imejaza kila mahali.

Benedikta hataki kunisindikiza. Anasema nisome karatasi iliyobandikwa ubaoni shuleni, kanuni ya nne kutoka juu. Nimemwambia mimi ndiye niliyeiandika, siwezi kutishwa na mwandiko wangu mwenyewe. Na zile tatu za mwanzo zimekwisha nipata, hii imekaa siku zote bila kunigusa, nadhani ndiyo dhaifu.

Naondoka kesho alfajiri kwa gongo la Babu, watu wakiwa kanisani hawataniona. Sitakaa sana. Sijui kuogelea, kwa hiyo sitakwenda mbali na ukingo.