Kupanda kwa Baba Mukwe na Marche Arrière

Mutu akizunguka gari mara moya, anaangalia tu. Akizunguka mara ya pili, gari ishakuwa yake, inabakia tu kumuambia. Hiyo njo masomo Phinées alijifunzaka pa barabara, ju ile ya masomo ya kweli ilimushinda. Donc ile siku ya soko, mu Butembo, alipoona mama moya wa kitambaa kizuri, kya kitoko, anazunguka kagari kekundu ka Phinées, ka-coupé ka kuuzisha, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu anainama kuangalia chini, Phinées alishukuru Mungu, kisha akafunga vifungo ya veste.

Lazima mujue: Phinées alikuwa na haraka. Jumamosi alipashwa kupeleka mbuzi za mahari kwa Muzee Siméon, baba ya Gracieuse, kule juu kabisa ya kilima. Na muzee alishasema wazi:

— Binti yangu hapana kuolewa na mutu wa viti mbili. Mukizaa, mutoto mutamuweka mu koffre, nyuma na mizigo?

Gari ya familia, ao hakuna bibi. Mais Phinées alikuwa na nini? Ka-coupé ka sport ka viti mbili, kekundu sawa pilipili, na démarreur, kile kyuma kya kuamsha moteur, ilishakufa zamani.

Démarreur kufa mu Butembo haiko kilio. Muji wote ni bilima. Unasimamisha gari pua ikiangalia chini, unaachilia frein, inateremuka, unaingiza gia ya pili, unaachilia klachi ya embrayage, vruum! Phinées aliishi vile bila mutu kujua. Hata kanisa alichagua kufuatana na muteremuko yake.

— Mama, karibu. Macho yako inajua bitu.

— Mimi Mama Nasiba, wa Beni. Kazi yangu transport. Bwana alikufa, batoto balikomaa, nimechoka kubeba batu na mihogo yabo. Nataka gari ya kunichekesha. Mais isinilalishe mu njia. Na isikunywe essence, mafuta ya gari, kushinda vile familia yangu inakunywa chai.

— Mama, hii haikunywi. Inalamba tu.

— Na kuamka?

— Inaamka mbele yako weye mwenyewe.

Akamupandisha, akaachilia frein, akaweka muziki nguvu. Gari ikateremuka, vruum, kuku zikakimbia. Mama Nasiba akacheka sawa musichana. Kisha akauliza pole pole:

— Mbona ufunguo hukuuzungusha mupaka mwisho?

— Mama, gari ya sport haiamshwi kwa nguvu sawa mutoto wa masomo. Inaachiliwa tu, inaamka na furaha yake.

— Ah bon, — mama akasema. Na akanyamaza. Phinées alipaswa kuogopa ile kunyamaza. Mais mwenye kusema sana, kunyamaza ya mwingine anaionaka sawa ushindi.

— Franga sina, — mama akasema. — Iko minibus. Tubadirishane. Mais minibus utaikuta ku Beni, ju gari inaonwa kwake.

Minibus! Roho ya Phinées ikaruka sawa mupira. Aliona bashangazi bote ndani, na mbuzi nyuma.

Kesho yake, mu ijumaa, akashuka Beni. Njia muzima hakuzima moteur, hata pa barrière, kizuizi kya njia, hata alipobanwa na mukojo. Beni, bandugu, ni bapa sawa sahani. Pale gari ikizima, imezima.

— Zima basi, mutoto wangu, — Mama Nasiba akamupokea.

— Hapana, mama! Moteur ya sport inapenda kupumua kidogo.

— Ipumue. Panda, nikuonyeshe yangu.

Minibus ilikuwa nyeupe, blanche kabisa, viti safi, pazia ya dirisha na maua. Wakatembea boulevard muzima, kule na huku, bila kukohoa.

— Mama, haikusumbuaka?

— Kwa Beni? — mama akasema, na mukono pa kifua. — Kwa Beni haijanisumbua hata siku moya. Mungu anasikia.

Na Mungu alisikia kabisa. Phinées njo hakusikia.

Kule kwetu, mukishakunywa sucré, ile soda, mbele ya bashahidi, maneno imeisha, hakuna kurudia. Bajirani bakaitwa, chupa zikafunguliwa. Phinées alikunywa yake mbio sawa mutu wa kukimbia moto, ju moteur ya coupé ilikuwa inatetemeka kule inje. Mama Nasiba alikunywa yake mbio kumushinda. Phinées alijiuliza: huyu mama anakimbia nini? Mais gaz ilimutoka pa pua, akasahau. Bakapeana funguo. Akaondoka anaimba.

Pa mulima wa kwanza wa kwenda Butembo, minibus ikaanza kulia. Première, gia ya kwanza ya kupandia: inalia, inasimama. Akashuka chini, akachukua mwendo, akarudi: inalia, inasimama. Bamama ba kubeba makala bakamupita na miguu, moya akamupa pole. Akakaa pembeni, veste pa magoti, anafikiri kesho, mbuzi, muzee, Gracieuse. Machozi ikakaribia kabisa.

Njo akasikia klakso. Ka-coupé kekundu, Mama Nasiba ndani, lunettes pa macho. Akasimama pale pale pa mulima. Akazima. Akawasha. Akazima. Akawasha.

— Démarreur, — akasema. — Nilikuwa nayo moya ku nyumba, nimeishaiweka. Ile siku ya Butembo niliisikia haikusema hata neno.

— Mama, umeniibia!

— Mimi? Nilikuambia: kwa Beni. Hapa ni Beni?

Phinées akakunja veste, akasimama.

— Mbuzi za mahari inabebwa kesho, mama, — akasema, sauti ndogo. — Bila hii gari, hakuna bibi.

Mama Nasiba akamuangalia, akatoa lunettes.

— Bon. Geuza. Ingiza marche arrière, panda na mugongo. Gia ya nyuma njo iko na nguvu. Bwana yangu alikuwa anafika Butembo vile. Shingo yake ilibaki inaangalia nyuma mupaka siku ya maziko.

Na akaenda, anacheka, ka-coupé kanaimba mu ma-virage, kona kwa kona.

Jumamosi, mutaa muzima wa Muzee Siméon ulisimama inje. Minibus blanche inapanda kilima na matako mbele, mbuzi zinachungulia pa pazia ya maua, bashangazi banaomba, na Phinées, shingo imepindama, anatoka jasho.

— Eh, Phinées! — batu banapiga makelele. — Unafika ao unaenda?

Mbele ya lupango, kiwanja kya nyumba ya muzee, akasimama. Muzee Siméon akazunguka gari mara moya, akazunguka mara ya pili.

— Miaka yangu yote, — akasema, — ninaona bijana banakuya kuomba binti na kifua mbele. Huyu njo wa kwanza kukuya na mugongo, ju ya kuona haya. Hii njo heshima! Ingiza mbuzi. Na kila yenga, kila Jumapili, utanipeleka kanisa vile vile, batu baone.

Vigelegele ikapanda. Gracieuse akakaribia dirisha na kilauri ya maji, anacheka chini ya meno, ju yeye anamujua.

— Phinées, — akanongona, — première iko wapi?

— Ilibakia Beni, — Phinées akajibu.