Kazi ya Kukaa Darajani

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote, ila tai alikuwa nayo, na katika mji ule tai ilitosha. Asubuhi moja alikuwa ukingoni mwa mto akimkwepa mwenye nyumba wake, ndipo alipomwona mama mmoja katikati ya daraja la reli, amekaa kitini mbele ya kibanda cha mbao, anafuma. Mchana akapita tena, mama yupo. Jioni yupo vilevile, na fulana imeota mkono. Akaulizia. Akaambiwa lile daraja ni la kale, huzungushwa juu ya nguzo ya katikati ili meli zipite, na yule mama hulipwa na shirika la reli kulitunza.

Mkurugenzi nusura alie. Kazi ya kukaa, ina mshahara, na kibanda juu! Katika mji ule watu wangemweka rehani mama mkwe kwa kazi kama hiyo.

Wiki mbili hazikupita, alikwishaiuza mara tano. Aliinunua kinyozi, akaja mchinjaji, dalali wa nyumba, fundi redio, na mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hesabu hii ilimpita kushoto. Kila mmoja alitoa nusu, nusu nyingine ngoja ajira ithibitishwe. Kila mmoja aliapishwa asimwambie mtu, maana binadamu wana husuda.

Kinyozi alitunza siri siku mbili. Siku ya tatu alikwenda darajani na mkewe kupima madirisha ya kibanda, wakate mapazia.

Mama wa darajani aliweka sindano chini, akawakaribisha, akawauliza taratibu mpaka akajua yote. Hakukasirika. Alikuwa na shida kubwa kuliko hasira. Mota ya kuzungusha daraja ilikuwa imekufa, na Alhamisi mkaguzi angekuja kwa boti. Daraja lisipozunguka, litakatwakatwa liuzwe kama chuma chakavu, na kibanda alichoishi miaka ishirini na sita kiende nalo. Ilibaki mashine ya zamani ya kusukuma kwa mikono, yenye mipini sita, inayotaka wanaume sita. Aliliomba shirika wanaume hao kwa barua tatu. Alijibiwa kwamba barua zake zimepokelewa.

Akamtumia Mkurugenzi salamu. Mkurugenzi alikwenda mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, akakuta anapewa kiti. Mama alimwambia hana kinyongo, kila mtu na riziki yake, ila biashara yake haina heshima. Ajira bila usaili? Awalete watu wote Alhamisi, yeye awasaili, nao wamalizie malipo, kisha yeye na Mkurugenzi wagawane.

"Wakikutana wataniua, mama," alisema Mkurugenzi.

"Mwambie kila mmoja kwamba wale wanne ni wa kusindikiza tu. Wewe ulishaona usaili usio na wa kusindikiza?"

Mkurugenzi alimtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mtu. Tamaa ikamsukuma, akakubali.

Alhamisi saa nne watano walijipanga katikati ya daraja kwa suti, kila mmoja akiwaonea wenzake huruma. Mwalimu alifika mahali pa kumshika kinyozi bega, akamwambia asikate tamaa maishani. Mama akatangaza kwamba mtihani ni kusukuma. Watano wakashika mipini, mmoja ukabaki. Mama akamwangalia Mkurugenzi. Chini mtoni mkaguzi alikuwa ameshafungua daftari. Mkurugenzi akaona akikataa ataulizwa maswali, akavua koti.

Walisukuma mpaka suti zikaloa. Kutu ililia, chuma kikatetemeka, kisha daraja zima likajitenga na kingo zote mbili, likazunguka polepole mpaka likalala sambamba na mto, maji huku na maji huku. Mkaguzi alipunga mkono, akaandika kwamba ni zima. Mama alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

"Asanteni, wanangu," alisema. "Nafasi ina mtu. Ni mimi."

"Lakini mimi nimeshalipa," alisema mchinjaji.

"Umelipa wewe? Nimelipa mimi," alisema dalali.

Neno hilo likazunguka mpaka kwa wa tano. Halafu vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

Mkurugenzi alitazama kulia, akatazama kushoto. Kuogelea hakujua. "Mama," aliuliza, "daraja linarudishwa saa ngapi?"

"Treni ikikaribia. Kesho saa tatu asubuhi."

Mama alichukua mfuko wake wa kufumia, akashika ngazi ya kushukia kwenye boti ya mkaguzi, aende mjini kutia sahihi karatasi za ukaguzi. Akiwa kwenye ngazi aliwageukia wale watano.

"Kulirudisha kunataka watu sita vilevile," alisema. "Mikono na miguu yake naomba niikute mizima."

Viungo vingine hakuvitaja, wala hakuna aliyemkumbusha.